Krimu za fangasi madukani Lamu: tyubu ya kununua na tyubu ya kurudisha kaunta

Ingia duka la dawa kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, useme, “Ami, nipatie dawa ya fangasi,” na mara nyingi tyubu itawekwa kaunta kabla hujaeleza fangasi yenyewe iko wapi. Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotea. Mapunye ya kichwa cha mtoto wa chuo cha Kurani, choa cha kinena, mba wa mgongoni na ule ungozi mweupe uliolowa baina ya vidole vya miguu ya mvuvi si ugonjwa mmoja, na hakuna tyubu moja inayoyatibu yote hayo.

Tumezipitia dawa za kupaka, za kuogea na za kumeza ambazo mtu wa Lamu au Malindi huuziwa kwa maradhi haya. Majina ya kampuni tumeyaacha makusudi. Rangi za maboksi hubadilika kila shehena mpya ikivuka kutoka Mokowe, lakini dawa ya ndani ni zilezile chache. Jina la kutafuta ni lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara, pamoja na asilimia yake.

Klotrimazoli 1%

Hii ndiyo ya kuanzia, na kwa nyumba nyingi ndiyo pekee inayohitajika. Kwenye boksi huandikwa Clotrimazole 1%. Ni ya bei ya chini, haiunguzi ngozi, na inafaa kwa choa cha mwili, cha kinena na cha miguu, kwa mba, na pia kwa kandida, ule uwekundu wenye majimaji unaotokea chini ya matiti, kwenye mikunjo ya tumbo au kwenye makalio ya mtoto mchanga anayefungwa nepi. Inaizuia fangasi kujenga utando wa seli zake. Angalia neno hilo: inazuia. Kwa kiwango kinachofika kwenye ngozi, kazi yake kubwa ni kuisimamisha fangasi isikue, huku ngozi ikijivua taratibu na kuitupa nje pamoja na magamba. Ndiyo maana matibabu ni marefu: mara 2 kwa siku, kwa kawaida wiki 4 kwa choa, na usisimame mpaka wiki 2 zipite tangu ngozi ionekane imepona.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo dawa nzuri hupewa lawama isiyo yake. Kamua mstari wa krimu juu ya kidole cha shahada, kutoka mkunjo wa pingili ya mwisho mpaka nchani. Huo ni takriban nusu gramu, na unatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Choa cha kinena pande zote mbili hula karibu kiasi hicho kila unapopaka. Asubuhi na usiku ni gramu 1 kwa siku. Tyubu ya gramu 20 itakwisha siku ya 20, na matibabu ni siku 28.

Kinachotokea kinajulikana. Kuwasha huisha mapema, mtu anaanza kubana matumizi, anapaka kidogo katikati ya duara tu, tyubu inakwisha na hanunui nyingine kwa sababu haoni tena alama. Baada ya wiki chache duara limerudi pana zaidi, na mtaani husemwa dawa ile ni feki. Dawa haikuwa feki, ilikuwa pungufu kwa gramu 8. Nunua tyubu 2 kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Namna ya kupaka nayo ina makosa yake. Choa huponya katikati yake chenyewe, na fangasi iliyo hai iko pembeni, kwenye ule ukingo ulioinuka wenye vipele vidogo na magamba. Anza nje, kama sentimita 2 kwenye ngozi inayoonekana nzima, ukipaka kuelekea ndani. Ukianzia katikati, kidole hubeba mbegu za fangasi na kuzipeleka mbele. Ngozi iwe kavu kabisa kabla ya kupaka, na paka tabaka jembamba lililosuguliwa mpaka likapotea. Ukoko mweupe wa krimu uliobaki juu ya ngozi hauongezi tiba. Unaongeza unyevu tu.

Tabinafini 1%

Boksi lake husomeka Terbinafine 1%. Tofauti yake na ya kwanza ni kwamba hii huiua fangasi ya choa, haiisimamishi tu. Kwa hiyo mara 1 au 2 kwa siku kwa wiki 1 hadi 2 hutosha kwa choa cha mwili, cha kinena na cha baina ya vidole vya miguu. Bei yake kaunta ni ya juu, na watu wengi huigeuzia mgongo kwa hilo tu. Lakini rudi kwenye hesabu ileile: gramu 1 kwa siku kwa siku 14 ni gramu 14, yaani tyubu moja ya gramu 15 inamaliza kazi. Kwa nahodha au mvuvi anayekaa baharini, ambaye hawezi kukumbuka krimu mara mbili kwa siku kwa mwezi mzima, hii ndiyo tunayoipendekeza bila kusita.

Udhaifu wake ni kandida. Kwa uwekundu wa chini ya matiti au wa nepi, tabinafini si chaguo, rudi kwenye klotrimazoli. Nistatini, ambayo nayo huuzwa kama “ya fangasi”, ina udhaifu wa upande wa pili: inaua kandida lakini choa haikigusi hata ukikipaka mwaka.

Tyubu ya mchanganyiko: hii irudishe

Hii ndiyo tyubu inayopendwa kuliko zote, na ndiyo tunayoomba isiingie nyumbani kwako bila maelekezo ya daktari. Huitwa krimu ya kazi tatu: ya fangasi, ya bakteria na ya mwasho. Geuza boksi usome nyuma. Utakuta Clotrimazole, kisha dawa ya bakteria kama Gentamicin au Neomycin, kisha jina la tatu: Betamethasone, Beclomethasone, Dexamethasone au Clobetasol. Hilo la tatu ni steroidi. Karibu yote hayo huishia na “sone”, na clobetasol ndiyo kali kupita zote nne.

Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi. Mwasho na wekundu ni kinga inayopigana na fangasi, kwa hiyo ukiinyamazisha kinga, mwasho hukatika ndani ya siku moja au mbili na mgonjwa anafurahi. Chini ya utulivu huo fangasi inakula na kuenea bila wa kuizuia. Duara linapoteza ukingo wake, linatawanyika mapajani na makalioni, wala halifanani tena na choa. Hata afisa wa kliniki mzoefu anaweza kulidhania ni pumu ya ngozi na kumwongezea mtu steroidi nyingine. Ukiacha kupaka, mwasho unarudi kwa kishindo, unakimbilia tyubu ileile, na unajikuta umefungwa nayo.

Kinenani madhara ni mabaya zaidi, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyembamba na imekunjika, hivyo hufyonza dawa nyingi. Baada ya wiki kadhaa huonekana michirizi mirefu ya zambarau au myeupe kwenye mikunjo ya paja, kama ya mama aliyejifungua. Michirizi hiyo haifutiki. Usoni ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi humwagika. Maelekezo ya mchanganyiko wa klotrimazoli na betamethasoni nchini Marekani yanakataza kuupaka kinenani au mwilini zaidi ya wiki 2, na hayauruhusu kwa walio chini ya miaka 17. Huku kwetu mtoto wa miaka 3 hupakwa mwezi mzima.

Kuna hatari kubwa kuliko ya mtu mmoja. India, ambako krimu hizi za mchanganyiko zimeuzwa kiholela kwa miaka mingi, imeenea aina ya fangasi iitwayo Trichophyton indotineae, iliyopewa jina hilo mwaka 2020. Aina hiyo mara nyingi haisikii tabinafini, si ya krimu wala ya vidonge, na imeshasafiri na watu mpaka Ulaya na Marekani. Wataalamu wanaihusisha na matumizi hayo ya ovyo ya steroidi. Pwani yetu na Bara Hindi zimepokezana wasafiri tangu enzi za majahazi. Hatuna sababu ya kuifungulia mlango.

Kama umekuwa ukiipaka tayari kwa wiki nyingi, usiogope mwasho utakaokuja ukiiacha. Hamia klotrimazoli au tabinafini tupu, na kama eneo ni pana au ni usoni, nenda ukaonwe hospitali wiki hiyohiyo.

Marhamu ya Whitfield

Jina ni la Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa Uingereza aliyeitunga mwanzoni mwa karne ya 20: asidi ya benzoiki 6% na asidi ya salisiliki 3%. Ni ya kizamani, ina mafuta, inachafua shuka, na bado tunaiheshimu. Asidi ya salisiliki hubandua ngozi ngumu, kwa hiyo kwenye nyayo zilizokakamaa na kupasuka kisigino, mahali ambapo krimu laini hazipenyi, marhamu hii hufika. Mara 2 kwa siku kwa wiki 4 au zaidi. Usiipake kinenani, usoni wala penye kidonda, kwani inachoma. Ikiwasha sana hata mguuni, iache siku mbili tatu kisha urudi.

Dawa za kuogea kwa mba

Mba wa mwili, yale mabaka meupe au ya kahawia kifuani, shingoni na mgongoni yanayotoa unga mwembamba ukiyakwaruza kwa ukucha, hausababishwi na fangasi ya choa. Huletwa na Malassezia, hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila binadamu, ambayo hunawiri penye joto, jasho na mafuta. Hauambukizi. Mke hakuuleta, wala shuka la mgeni. Joto la kaskazi, baibui la kitambaa cha plastiki na mafuta mazito yanayopakwa mwili mzima baada ya kuoga vinatosha kuuamsha.

Kumaliza tyubu za krimu kwenye mgongo mzima ni hasara. Nunua shampuu ya ketokonazoli 2%. Lowesha ngozi, paka povu kuanzia shingoni mpaka mapajani, subiri dakika 5, kisha suuza. Fanya mara 1 kwa siku kwa siku 5, basi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayatoi povu vizuri, kwa hiyo weka ndoo ya maji matamu kwa kazi hii. Mbadala wake ni seleniamu salfaidi 2.5%, dakika 10 kwa siku kwa siku 7. Inanuka, na pete za fedha zivue kwanza, itazibadilisha rangi.

Wengi hukosea kwa kuhukumu mapema. Hamira ikishakufa, baka jeupe hubaki jeupe kwa wiki nyingi, pengine miezi, mpaka ngozi irudishe rangi yake. Kipimo cha kupona ni unga: kwaruza, na kama hakuna unga, dawa imefanya kazi. Anayerudiwa kila mwaka aogee shampuu hiyo ya ketokonazoli siku 3 mfululizo kabla joto la kaskazi halijaanza.

Usikubali vidonge vya ketokonazoli kwa mba. Vinaweza kuharibu ini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visimamishwe, na Marekani ikaviondolea ruhusa ya kutibu choa. Shampuu na krimu za dawa hiyo hazina shida hiyo, tatizo ni kuimeza.

Kichwa cha mtoto: usinunue tyubu

Mapunye, au mashilingi, hayatibiki kwa krimu yoyote tuliyoitaja. Fangasi imeingia ndani ya unywele na shina lake, na krimu hubaki juu. Utaona mduara wenye magamba, nywele zimekatika na kuacha vidoti vyeusi. Hapa mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida grisiofulvini, inayopimwa kwa uzito wake, kila siku kwa wiki 6 hadi 8. Ifuate chakula chenye mafuta, maana tumbo lenye mafuta huifyonza vizuri zaidi: wali wa nazi au gilasi ya maziwa yasiyotolewa malai yanatosha. Mama mjamzito asiitumie. Shampuu ya ketokonazoli mara 2 kwa wiki hupunguza mbegu zinazodondoka, na ndugu wanaolala naye waoshwe nayo pia.

Kikitokea kichwani kivimbe laini chenye usaha, kimevimbisha na tezi za shingo, si jipu. Kisipasuliwe. Ni kinga ya mwili inayopambana na fangasi ileile, na kisu huacha upara wa kudumu.

Chanzo cha mapunye hapa kwetu hakitoki mbali. Kofia za chuoni zinazobadilishanwa, kitana kimoja cha watoto wanne, mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Na paka. Lamu ni mji wa paka, na paka hubeba Microsporum canis, wakati mwingine bila hata kunyonyoka manyoya. Mtoto akirudiwa na mapunye baada ya dawa kamili, mtazame paka anayelala naye barazani. Vitana viloweke dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya kung’arishia nguo, sehemu 1 kwa 10, baada ya kutoa nywele zote. Nywele zikibaki, dawa haizifikii mbegu.

Kucha nazo ni hivyohivyo, krimu haipenyi ukucha mnene. Tabinafini ya vidonge huchukua wiki 6 kwa mikono na 12 kwa miguu, na ini hupimwa kwanza.

Vitu vya bure vinavyoisaidia dawa

Anayetawadha mara 5 kwa siku ana miguu safi kuliko wengi, lakini baina ya kidole cha nne na cha mwisho hubaki pameloa siku nzima, hasa akiingiza mguu moja kwa moja kwenye kiatu cha plastiki. Kupitisha kidole humo wakati wa kutawadha ni usafi mzuri, kinachokosekana ni kukausha. Beba kitambaa kidogo cha pamba cha miguu tu. Ndara za msikitini zinazovaliwa na kila mtu ziepuke, njoo na zako. Ukitoka kuoga, kausha kinena kwanza na miguu mwisho, kwa sababu choa cha kinena mara nyingi hutoka miguuni na taulo ndiyo daraja. Nguo za ndani na taulo zifuliwe kwa maji ya moto na zipigwe pasi kwenye mishono.

Jiki, mafuta ya taa, maji ya betri na kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa usiku kucha havitibu. Vinaunguza, na ngozi iliyoungua huachia bakteria waingie. Sabuni kali za dawa nazo haziui choa, hukausha ngozi tu ikapasuka.

Kabla ya kulipa

Tyubu ya aluminiamu huwa na utando mdomoni unaotobolewa kwa ncha ya kifuniko chake. Fungua palepale kaunta utazame: utando ukiwa umeshatobolewa, iache. Soma tarehe kwenye mkunjo wa mkia. Krimu inayotoka maji kwanza kisha donge la mafuta imeivishwa na joto, iwe dirishani dukani au mfukoni mwa mashua. Nyumbani ihifadhi penye kivuli, chini ya digrii 30, kwenye kasha lililo mbali na jiko.

Baadhi ya mambo si ya duka la dawa kabisa. Baka lililopauka ambalo ukilichoma taratibu kwa ncha ya kijiti halihisi, linaweza kuwa ukoma, unaotibika, na dawa zake ni bure. Mguu wa mgonjwa wa sukari uliopasuka baina ya vidole nao usisubiri. Choa ambacho hakikupungua baada ya wiki 4 za kupaka sawasawa kinahitaji kukwanguliwa magamba na kutazamwa kwa hadubini. Nenda hospitali ya King Fahd ukiwa Lamu, au hospitali ya kaunti ndogo ukiwa Malindi, na chukua tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha na kukunjamana, ili anayekutazama asome yale maandishi madogo ya nyuma.